Fomu ya Ufadhili na Zizi la Baba

Swali lilikuwa la kawaida tu: familia yako ina mifugo mingapi? Nikaandika ng'ombe wawili, mbuzi watano na kuku. Kuku sikuwapa idadi, nani anahesabu kuku? Nilikuwa nimekaa kitandani kwenye chumba changu cha kupanga, Mkonze, Dodoma, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi kwa sababu nilikuwa nimetoka zamu na imevimba, na fomu nimeiweka mapajani juu ya kitabu. Niliandika kwa peni nyeusi, herufi kubwa, kama walivyoelekeza. Nilikuwa mtoto mwema wa fomu.

Nilikuwa na miaka tisa kazini, yote kwenye wodi ya watoto njiti. Mtoto analetwa anatosha kwenye kiganja, ngozi unaona hadi mishipa, na mimi nasimama pale nafanya nilichofundishwa na dada aliyenitangulia, naye alifundishwa na aliyemtangulia. Kuna siku inafanya kazi. Kuna siku haifanyi, na unatoka unaenda kumwambia mama wa watu. Nilichoka kuwaambia mama za watu. Nikaomba nafasi ya shahada ya uzamili, uuguzi wa watoto wachanga, nikapata. Barua ya chuo niliibandika ukutani juu ya jiko la gesi, na kila nikipika mlenda nilikuwa naisoma.

Kilichokosekana ni ada. Mshahara wangu ulikuwa wa mkataba, unaingia leo, kesho kutwa umeshakwenda. Ndipo nikasikia habari za mfuko mmoja unaosomesha wauguzi shahada ya pili, masharti yake mawili: uwe kazini, na utoke kwenye familia isiyo na uwezo. Nikasema hapo ndipo pangu. Tulipochujwa mara ya kwanza nikapita. Usaili nikapita, tena walicheka na mimi, mmoja wao akaniambia "karibu kwenye familia." Kikabaki kitu kimoja, ukaguzi wa nyumbani. Wangetuma watu kijijini waone kwa macho kwamba kweli sisi ni maskini. Nikasema waende tu. Umaskini wetu haukuwa na haja ya kufundishwa cha kusema.

Kumbe ulikuwa na haja.

Kwetu ni wilaya ya Mpwapwa, chini ya vilima vya Kibakwe. Kwetu ng'ombe hakai nyumbani kwa mwenyewe. Mtu mwenye ng'ombe wanne anabaki na mmoja, wengine anawapeleka kwa rafiki kijiji cha pili, na mwingine kwa shemeji kijiji cha tatu. Ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi wote, ukame ukipiga huku huenda kule kuna majani, na ndugu wa kuomba omba hawaoni cha kuomba. Anayepokea anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na zizi lake linaonekana limejaa. Ila hasemi. Ukimuuliza ng'ombe hawa wa nani, atakujibu ni wangu. Kumtaja mwenye ng'ombe ni sawa na kumvua nguo barabarani, na hakuna mtu atakayekuwekea ng'ombe tena.

Zizi la baba lilikuwa na ng'ombe zaidi ya thelathini. Nilikua naamini ni wetu. Tulilala kwenye tembe inayovuja na tukaenda shule peku, na bado niliamini ni wetu, nikadhani baba ni bahili tu. Ni marehemu mama aliyeniambia, siku moja tunakamua, kwamba wetu ni wawili, yule mwekundu na ndama wake. Halafu akanishika sikio akalivuta ili nikumbuke nisirudie kusema. Nimekumbuka. Sikuwahi kumwambia mtu, mpaka nilipoiambia fomu.

Wakaguzi walikwenda bila kutoa taarifa, bwana mmoja na dada mmoja, wakiwa na kishikwambi cha kupigia picha. Kijijini wakampitia mtendaji, kama utaratibu unavyotaka, naye akawaongoza hadi kwetu. Walifika jioni, saa ile ile ng'ombe wanaingia zizini. Mungu wangu, wangefika hata saa nane mchana wangekuta miba na mavi tu.

Bwana yule akauliza, "Mzee, hawa wote ni wako?"

Baba akasema, "Ni wangu."

"Wote?"

"Wote. Unaona wa jirani hapo?"

Haya nilisimuliwa na baba mdogo, ndugu yake baba anayemfuata, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kigoda. Na kilichonikata maini ni hiki: ndani ya zizi lile, kati ya wale ng'ombe waliokuwa wanapigwa picha, wawili walikuwa wa mtendaji mwenyewe. Maksai wake. Alisimama pale na faili lake kwapani, akawatazama ng'ombe wake wakihesabiwa kuwa wa baba yangu, hakufungua mdomo. Akasaini kama shahidi. Akagonga na muhuri.

Ujumbe ulinikuta wodini. Ulisema maombi yangu yamekataliwa kwa kuwa familia ina uwezo, na kwamba nimetoa taarifa za uongo, kwa hiyo sitaruhusiwa kuomba tena kwenye mfuko huo. Niliusoma nimeshika chupa ya kumlishia mtoto mkono wa pili. Nikaurudia, nikadhani wamekosea namba. Nikamaliza kumlisha mtoto, nikamgeuza ubavu, nikaenda chooni nikalia mpaka dada wa zamu akagonga mlango.

Nilipompata baba kwenye simu sikumsalimia. Mimi, niliyelelewa kumwamkia mzee kabla hata sijaona uso wake, nilianza moja kwa moja: "Baba, umewaambia ng'ombe ni wako?"

"Ulitaka nimtaje mtu na ng'ombe wake mbele ya wageni?"

"Ni ada yangu, baba! Wameniita mwongo!"

Halafu akasema, "Mama, njoo nyumbani tuongee."

Baba aliniita mama tangu nikiwa mdogo, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita binti zao. Siku hiyo sikutaka kuwa mama wa mtu. Nikamwambia, "Baki na ng'ombe wa watu, baba. Wakusomeshe wewe." Nikakata simu.

Nilijaribu kukata rufaa, msidhani nilikaa tu. Wakasema nilete barua ya kijiji inayoonyesha kila ng'ombe ni wa nani. Nikampigia mtendaji. Akacheka kwa aibu, akasema, "Dada yangu, sasa unataka nijichome mwenyewe? Mke wangu hajui kama nina maksai." Nikaomba chuo waniahirishie mwaka mmoja, wakakubali, wakaniambia ni mara moja tu. Barua yao nikaiacha pale pale ukutani. Nikaendelea na zamu pamoja na wenzangu waliokuwa wameshaninunulia keki ya kuniaga.

Baba akawa ananipigia kila Jumapili. Kwetu mtandao haushiki nyumbani, unashika kwenye kichuguu kilicho nyuma ya kanisa, na siku ya Jumapili nusu ya kijiji imesimama pale na simu hewani, kila mtu anasikia ya mwenzake. Alikuwa anapanda pale na mguu wake mbaya. Ananiuliza habari za kazi, namjibu nzuri. Ananiuliza kama nakula, namjibu nakula. Halafu anasema, "Njoo nyumbani tuongee, mama."

"Si tunaongea? Sema, nakusikia."

"Hapana. Kwenye simu haifai. Njoo ukae hata siku moja."

"Kazi nyingi, baba."

Na kweli kazi zilikuwa nyingi. Ila Mpwapwa si Ulaya. Unapanda basi asubuhi, unashuka, unachukua bodaboda, mchana uko nyumbani unakula ugali. Nilikuwa na siku za mapumziko, nikawa nalala. Nilijua anachotaka: anikalishe kwenye kigoda, anieleze kwamba heshima ya mtu ni kubwa kuliko karatasi, nami niitikie kwa kichwa. Sikuwa tayari kuitikia kwa kichwa. Nilitaka yeye ndiye aseme samahani, tena aiseme pale pale kichuguuni watu wasikie.

Jumapili moja hakupiga, na ya pili hakupiga. Ya tatu alipiga baba mdogo, akasema miguu ya kaka yake imevimba hadi magotini na hawezi kulala chali. Sikuhitaji vipimo kujua ni moyo. Nikamwambia amlete haraka hospitalini kwetu.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kuandika vizuri, kwa sababu watu walinisifu sana. Wagonjwa wa wodi ya wanaume, ndugu waliokuja kumwona, hata daktari, wote walisema mzee ana bahati, binti yake anamhudumia. Ni kweli. Nilimhudumia. Kabla ya zamu na baada ya zamu nilikuwa pale. Nilimwogesha, nikampaka mafuta mgongoni asipate vidonda, nikampima mkojo, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko. Sikukosea dawa hata moja. Ila nilimwita mzee.

"Mzee, geuka upande huu. Mzee, meza hii. Mzee, inua mkono."

Siku ya pili akaniuliza, "Mzee? Mzee wa nani?"

Nikasema, "Tunawaita wote hivyo." Nikaandika kwenye chati yake, nikaondoka.

Yaani nilimpa kila kitu ambacho muuguzi anampa mgonjwa, nikamnyima kile ambacho mtoto anampa baba yake, na kwa kuwa hakikuwa kwenye chati hakuna aliyeona kwamba nimemnyima. Yeye aliona.

Wala hakunikasirikia. Ndiyo kwanza akawa ananinadi wodi nzima. Mgonjwa mpya akiletwa, hata hajapata shuka, baba keshamwambia, "Yule muuguzi unayemwona ni mwanangu. Mwakani anaingia shahada ya pili." Mara ya kwanza nikajifanya sikusikia. Mara ya pili nikauma meno. Mara ya tatu alikuwa anamwambia mwalimu mmoja mstaafu wa kitanda cha pili, na yule mwalimu akanigeukia akanipa hongera. Nikalipuka.

"Mzee, acha kuwadanganya watu. Shahada kwa ada ya nani?"

Nilisema kwa sauti. Mwalimu akaangalia dirishani. Baba akanitazama, hakuona aibu, alinitazama tu kama mtu anayepima jambo. Kisha akasema polepole, pumzi zinamkatika, "Nitoe pale barazani. Tukae wawili."

"Una dripu."

"Dakika chache, mama. Nina neno."

"Daktari amekataa usitembee. Kesho."

Daktari hakuwa amekataa. Kiti cha magurudumu kilikuwa pale mlangoni, kitupu, na chuma cha kutundikia dripu kilikuwa na magurudumu pia. Nimeshawatoa barazani wagonjwa mahututi kuliko yeye, kwa sababu tu wameomba kuona jua. Nilisema kesho kwa sababu nilikuwa na hasira, basi. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Kesho yake nilipoingia asubuhi kitanda chake kilikuwa kimevuliwa shuka na godoro limekunjwa. Mtu mwingine angeuliza amehamishiwa wapi. Mimi nimevua shuka vitanda vya namna hiyo kwa mikono yangu. Nikakaa kwenye vile vyuma vya kitanda, na mwalimu mstaafu akaniambia, "Alikuulizia, binti yangu." Nikamshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Tulimzika nyumbani. Baada ya matanga, baba mdogo akasimama mlangoni mwa zizi na fimbo mkononi, na wenye ng'ombe wakaanza kuja. Baba alikuwa amemwachia yote kichwani: yule wa madoa ni wa fulani, yule mweusi mwenye pembe iliyovunjika ni wa fulani na ndama wake watatu. Hakuna karatasi hata moja. Hakuna aliyebisha. Walikuja watu ambao nimewaamkia maisha yangu yote nikidhani hawana hata mbuzi. Kila mmoja alitoa pole, akaoneshwa ng'ombe wake, akawaswaga. Mtendaji alikuja wa mwisho, hana faili siku hiyo, akachukua maksai wake bila kunitazama usoni. Nami nikamwamkia, kwa sababu nilikuwa msibani na watu wanaangalia.

Kufikia mchana zizini walibaki wawili: mwekundu, aliyekuwa mjukuu wa yule mwekundu wa mama, na mtamba wake. Wawili kama nilivyoandika. Nikatamani yule bwana wa kishikwambi angekuwepo apige picha nyingine. Nilisimama pale nikiwa nimeshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Siku tatu baadaye, nikiwa nafunga begi nirudi Dodoma, akaja mzee mmoja kutoka huko juu milimani Kibakwe. Simjui. Vumbi hadi kwenye nyusi, alikuwa ametembea. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa pole kwamba habari zimemfikia kwa kuchelewa. Akauliza, "Ndiye wewe muuguzi?" Nikasema ndiye. Akaangalia kulia na kushoto, akamwona baba mdogo anapasua kuni, akaniambia nimsindikize kidogo njiani.

Tulipofika mbali na watu akasema, "Wale ng'ombe wako unawachukua, au wakae?"

Nikasema, "Babu, ng'ombe wa kwetu ni wale wawili zizini."

"Wale ni wa baba yako. Nakuuliza wako."

Akanieleza kwamba mwaka ule niliomaliza stashahada ya uuguzi nikapata kazi, baba alipeleka mtamba mmoja huko milimani kwa mzee huyu, akamwambia ni wa shule ya mwanangu, ile kubwa inayokuja mbele. Hakumwambia mtu. Hata mdogo wake hakujua, kwa sababu angejua, siku ya mirathi wangekuwa wa ukoo. Mtamba akazaa, na watoto wake wakazaa. Sasa walikuwa saba.

"Alikuja kwangu mwaka jana," mzee akasema, "baada ya wale watu wenu kukunyima. Na mguu wake ule. Akawatazama mmoja mmoja. Akasema wanatosha kuanzia, anangoja tu uje akulete uwaone kwa macho. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Basi alikuwa hajapata nafasi mkiwa wawili."

Nilikaa chini pale pale njiani, kwenye vumbi, na gauni langu la msiba. Yule mzee aliniacha nilie. Hakunibembeleza, hakusema mapenzi ya Mungu, alisimama tu akaniwekea kivuli kwa mwili wake. Nilikuwa nawaza kichuguu, na watu wote wale wenye simu. Nilikuwa nawaza kiti cha magurudumu mlangoni. Hata kile kitu kidogo nilichokuwa nimebaki nacho, kwamba mimi nilisema kweli, nacho kikaondoka: familia yangu ilikuwa na ng'ombe tisa, na mfuko ulikuwa na haki ya kuniita mwongo.

Niliwauza watano mnadani. Wawili nikamwambia babu wakae. Akaniuliza kama amwambie mtu ni wa nani, nikasema asimwambie, na kusikia jibu langu mwenyewe kulinishtua.

Siku ya kujisajili chuoni foleni ilitoka nje ya jengo. Nyuma yangu kulikuwa na kaka mmoja analalamika joto. Dada wa dirishani alikuwa mdogo, mpole, macho kwenye kompyuta. Akauliza jina, akauliza kozi. Akauliza, "Mfadhili wako nani?"

Nikasema, "Baba yangu."

"Nipe namba yake ya simu, na kazi anayofanya."

"Amefariki."

Akainua macho. "Pole sana, dada." Akabonyeza bonyeza, akatikisa kichwa. "Marehemu mfumo haumkubali. Nikuwekee binafsi, kwamba unajilipia?"

Yule kaka nyuma akaguna. Ningeweza kumweleza yule dada. Ningeanzia wapi, na pale pamejaa watu?

"Weka," nikasema.

Akaandika binafsi, akachapa, akanigeuzia karatasi nisaini chini, pale palipoandikwa kwamba taarifa zote nilizotoa ni za kweli. Nikasaini.